Kniphofia thomsonii kuoza kwenye udongo wenye unyevu

Mkuu, umeuliza kwa nini miche yako ya Kniphofia thomsonii inaoza wakati hili ni ua la sehemu zenye maji. Kweli, porini hupatikana kando ya vijito na kwenye mbuga za majani za nyanda za juu, Ethiopia hadi Tanzania. Ila huko maji hupita, hayatuami.

Pima kwanza. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinywea lijaze tena. Kesho yake ukiyakuta bado yapo, inua tuta la sentimita 20 kwenda juu. Kumwaga mchanga ndani ya shimo la udongo wa mfinyanzi hakusaidii, maji yatajikusanya humohumo.

Kosa la pili ni kina. Shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, ikae sawa na uso wa udongo. Ukiifukia, au ukaisogezea matandazo hadi yakaigusa, inaoza. Vuta jani la katikati: likichomoka kirahisi, kitako chake laini na kinanuka, shina hilo limekwisha. Ling'oe, machipukizi ya pembeni mara nyingi hupona. Majani ya nje kugeuka njano ni uzee tu, yakate.

Njia ya haraka ya kuongeza mimea ni kugawa shina mwanzoni mwa mvua, maana aina hii hutambaa chini kwa chini na kutoa machipukizi. Kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake, punguza majani yabaki kama sentimita 15, panda kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Usiache mizizi ikauke juani. Na tafadhali, chukua kwa mwenye bustani, usikang'oe porini.

Mbegu nazo huota, kwa wiki tatu hivi au zaidi, ukizifunika udongo mwembamba tu. Shida ni kwamba miche michanga inafanana na nyasi, na wengi huipalilia yote. Weka alama. Maua tegemea mwaka wa pili au wa tatu. Kama jirani ana Kniphofia za aina nyingine, mbegu zako huenda zikawa chotara.

Majani yamejaa lakini hakuna ua? Angalia kivuli, kisha mbolea: naitrojeni nyingi hulisha majani. Samadi iliyooza, ndoo moja kwa mita ya mraba kwa mwaka, inatosha kabisa. Kikonyo cha ua kikishanyauka kikate chini, isipokuwa unataka mbegu. Kabla ya hapo waachie ndege aina ya chozi, wanafuata nekta iliyo ndani ya yale maua ya mrija.