Kwa nini daktari wa ICU anaweza kukataa kuongeza dripu wakati presha iko chini

Pole sana mkuu kwa kuuguliwa na mama. Umesema ana maambukizi yaliyoingia kwenye damu, presha inacheza kwenye 85 kwa 50, ameshapewa chupa kadhaa za maji, kisha daktari wa zamu akakataa kuongeza nyingine na kumwanzishia dawa ya kupandisha presha. Na nesi kila mara anakuja kumminya kidole badala ya "kutumia vipimo". Mchangiaji mmoja amekwambia hiyo hospitali imeishiwa dripu, mhamishe.

Mimi ni muuguzi, ICU nimekaa miaka mingi, ya watoto na ya watu wazima. Mama yako sijamwona, kwa hiyo siwezi kusema daktari yule yuko sahihi. Ninachoweza kusema ni kwamba kukataa dripu peke yake si uzembe, na kwa presha hiyo usimtoe mama kitandani kwa sababu hiyo tu. Safari ya ambulensi peke yake inaweza kumshinda.

Kwetu dripu inaheshimiwa mno. Mgonjwa asipoonekana na chupa imening'inia, ndugu wanaona hajatibiwa. Na sisi wahudumu tulifundishwa hivyo hivyo: presha ikishuka, fungulia maji. Kilichotikisa mazoea hayo kilitoka hapa hapa Afrika Mashariki, utafiti wa FEAST uliotolewa mwaka 2011 na kuongozwa na Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa Kilifi, Kenya. Walichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa Tanzania, Teule ya Muheza. Wengine walimiminiwa maji ya haraka, wengine wakapewa ya taratibu tu. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliomiminiwa walikufa kati ya 10 na 11. Kwa wale wa taratibu ni 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kukamilisha idadi iliyopangwa.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Wapo waliosema watoto wale wengi walikuwa na malaria na upungufu mkubwa wa damu, tena hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia, kwa hiyo matokeo yasipelekwe kwingine. Hoja ina uzito, lakini mimi naigeuza: wodi zetu nyingi ndivyo zilivyo, na watoto wetu ndio hao hao. Halafu kuna jambo lililonigusa zaidi. Wengi tulidhani wamekufa kwa mapafu kujaa maji. Walipochambua vifo, vingi vya ziada vilitokana na mzunguko wa damu kuporomoka. Yaani mtoto anaweza kuonekana amechangamka saa ya kwanza, mama yake anashukuru, huku madhara hujayaona popote.

Kwa watu wazima, watafiti wa Lusaka, Zambia, walitoa matokeo yao mwaka 2017: wagonjwa 212 wenye maambukizi kwenye damu na presha ya chini. Waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi ya mapema, dawa ya kupandisha presha na kuongezewa damu walikufa asilimia 48, wa matibabu ya kawaida asilimia 33. Wengi wao walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na mpango ule ulikuwa na mambo kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kulaumu maji peke yake. Kwenye ICU zenye vifaa kamili, tafiti kubwa za Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023 zililinganisha kubana maji na kuyaachia, vifo vikalingana. Ndiyo maana utakuta madaktari wawili wazuri wanatofautiana juu ya chupa ya nne, na hakuna kati yao anayemuua mgonjwa.

Sasa kidole. Kile ni kipimo, tena kimefanyiwa utafiti. Unaminya ncha ya kidole kwa nguvu hadi ipauke, unashikilia kama sekunde 10, unaachia na kuhesabu damu inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri pembezoni. Amerika Kusini walijaribu kuongoza matibabu kwa kidole kila nusu saa, wakalinganisha na kipimo cha laktati kwenye damu (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha), wagonjwa 424, wakatoa matokeo mwaka 2019. Wa kidole walikufa asilimia 35, wa laktati 43. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kidole kimeshinda, lakini hakuna tena wa kukiita kipimo cha maskini. Mpira wa shingoni wa kupima presha ya mshipa mkubwa, ambao zamani ndio ulituamulia maji, mimi siutegemei tena kwa kazi hiyo.

Kidole nacho kinadanganya. Kiyoyozi kikali kinapoza mikono, na taa hafifu inaficha rangi. Kama mama ana hina au piko vidoleni mwambie nesi, watatafuta sehemu nyingine kama goti.

Kuna wagonjwa ambao kuwabania maji ni kuwaua, msinielewe vibaya. Wa kipindupindu na kuhara kukali, wa kuungua moto, hao maji ndiyo dawa yao, tena haraka. Kwa mwenye damu inayomwagika maji hayachukui nafasi ya damu yenyewe. Kama mama alikuwa anaharisha au kutapika siku mbili tatu kabla ya kulazwa, na hamkuulizwa, hilo mwambie daktari leo hii.

Saa ya kuona wagonjwa usiulize "mbona hana dripu". Uliza ametoa mkojo kiasi gani tangu asubuhi, kidole kinarudi kwa sekunde ngapi kulinganisha na jana, dozi ya dawa ya kupandisha presha inaongezwa au inapunguzwa, na antibayotiki ya kwanza alipewa saa ngapi. Hiyo ya mwisho ikazanie, kwa sababu kwenye antibayotiki kuwahi hatubishani.