Ngoma Tupu Zinaweza Kubeba Onyesho Zima

Baada ya onyesho letu la mwezi uliopita, msomaji mmoja ameniandikia akiuliza jinsi ya kuandaa jukwaa la ngoma pekee, bila gitaa, kinanda wala mwimbaji. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengi wenu mna hamu hiyo hiyo, na pia kwa sababu sijamsahau mwandaaji aliyewahi kunieleza kwamba hakuna atakayekaa ukumbini saa mbili akisikiliza ngoma tupu. Walikaa, na mwishoni wakaturudisha jukwaani. Mwandaaji yule angekumbuka kwamba albamu ya Planet Drum, ambayo mpiga ngoma Mickey Hart aliitoa mwaka 1991 pamoja na Zakir Hussain, Babatunde Olatunji na wenzao, ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Miezi ya mazoezi naipita, kwani kila mpigaji anaijua. Kazi kubwa ni kutenganisha sauti. Djembe, ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kikombe iliyowambwa ngozi ya mbuzi, ina mapigo matatu: zito la kiganja katikati, la wazi la vidole vilivyobanana ukingoni, na lile kali tunaloliita kofi. Konga, ngoma ndefu ya Kuba, nayo ina kofi lake, na zikikazwa kwa kiwango kinachokaribiana, msikilizaji huambulia kelele. Sisi tulianza na tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi zipigwazo kwa vidole, ambayo lile duara jeusi lililopakwa kwenye ngozi yake huipa noti iliyo wazi, kisha ngoma nyingine zikakazwa au kulegezwa kwa kuifuata.

Hata hivyo, kukaza mara moja hakutoshi. Ngozi hunyonya unyevu wa hewani ikalegea, na chini ya taa za jukwaani hukauka, sauti ikapanda. Fundi wa sauti alitutaka tumalize yote mchana. Nilikataa, na nilikuwa sahihi. Katikati ya onyesho mpiga tabla wetu aliinama, sikio likikaribia kugusa ngozi, akawa anagonga ukingo kwa nyundo yake ndogo, huku mpiga cajón akiendeleza mdundo peke yake. Cajón ni sanduku la mbao lisilo na ngozi, hivyo ndiyo ya kuachiwa jukwaa wakati wengine wanakaza. Kazeni tena, na tena.

Jambo jingine linaloniudhi ni vijana kukimbilia djembe na kuzidharau dunun, ngoma nzito zipigwazo kwa fimbo. Kwa Wamande wa Mali na Guinea, dunun ndizo zinazobeba mdundo ambao djembe huchezea juu yake. Mpeni dunun mtu mtulivu kuliko wote, asiyetafuta makofi ya watazamaji, nanyi wengine jifunzeni kunyamaza anapopiga.

Kuhusu nani apige peke yake kwanza, mtangulizeni mwenye ngoma ya sauti ndogo, masikio yakiwa bado hayajachoka. Djembe ije mwisho, kwa sababu baada yake tabla haisikiki tena.