Harusi ya watu 300 ufukweni: ipangweje?

Ndugu, umeuliza kama harusi ya watu 300 hapo Capri Point, ufukweni mwa Ziwa Victoria jijini Mwanza, ipangwe yote mapema au hatua kwa hatua. Changanya. Ukumbi, turubai, jenereta na mpishi vipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya harusi: kila kazi iwe na mhusika mmoja, siku ya mwisho, na kazi inayoitangulia. Michango na idadi ya wageni hubadilika, kwa hiyo vipitiwe kila kikao cha wiki. Hapa ndipo kamati nyingi hukwama: bajeti hufuata ahadi, si fedha iliyoingia. Sainini mikataba kwa kilichopo mkononi tu. Idadi ya sahani ifungwe siku 7 kabla, mpishi aagize samaki aina ya sato. Wageni wa kisiwa cha Ukerewe wavuke siku moja kabla. Ziwa likichafuka, safari huchelewa.