Je, Mahakama haikuifuta sheria inayomnyima mdogo wangu dhamana?

SWALI: Mdogo wangu, mbeba mizigo katika mwalo wa Kibirizi, amefikishwa mahakamani kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, na hakimu amesema shtaka hilo halina dhamana. Sisi tunakumbuka kwamba mwaka 2020 Mahakama ilitamka kuwa sheria hiyo ni kinyume cha Katiba. Je, hakimu amekosea? – Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Pole, ndugu yetu. Mnachokumbuka kilitokea kweli, ila hakikuishia hapo. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Paulo Sanga, ilitamka kuwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, kinapingana na Katiba, na Serikali ikapewa miezi 18 kukirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, ikautengua uamuzi huo. Habari ya kwanza ilivuma sana. Ya pili wengi haikuwafikia.

Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Jeremia Mtobesya, ilikubali kuwa kifungu cha jirani, 148(4), ni batili, kwa kuwa kilimwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Kwa maoni yangu, mtuhumiwa anayekaa mahabusu haoni tofauti kubwa kati ya kuzuiwa na hati na kuzuiwa na sheria yenyewe, lakini hakimu anafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Rufani na hana hiari katika hilo.

Kwa hiyo someni hati ya mashtaka kwa makini. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, unahitaji wizi, silaha, na nguvu au vitisho dhidi ya mtu. Ikiwa maelezo yanataja wizi peke yake, wakili ana hoja ya kuieleza mahakama, na upande wa mashtaka ukibadilisha shtaka kuwa wizi wa kawaida, mdogo wako ataweza kuomba dhamana siku hiyohiyo. Wadhamini wawe tayari na barua ya mtendaji wa mtaa pamoja na kitambulisho, na asiwepo mtu wa kuwaomba fedha, kwa sababu dhamana haiuzwi.