Maswali ya Wasomaji: Kwa Tanga Kutoka Fethiye Hadi Kekova

Barua nyingi za mara hii zinauliza habari za pwani ya Lycia, kusini-magharibi mwa Uturuki, hasa kipande cha kutoka mji wa Fethiye hadi kisiwa cha Kekova. Tumechagua tano.

Tuko marafiki sita. Tunataka kukodi mashua ya tanga Fethiye mwezi Agosti, twende Kekova na kurudi kwa siku 7. Wakala anasema muda unatosha. Ni kweli?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kwenda unatosha. Mtihani uko kwenye kurudi. Kutoka Fethiye hadi Kekova ni kama maili 60 za baharini, na mashua ya mita 12 huenda maili 5 kwa saa upepo ukiwa mzuri. Karatasini hizo ni saa 12 tu. Lakini upepo wa kiangazi huko hutoka magharibi na kaskazini-magharibi. Mkienda unawasukuma kwa tezi, yaani nyuma ya chombo, mkirudi unakuwa upepo wa mbisho, wa usoni. Kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, hugeuza maili 30 kuwa 45, na wenzenu wasiozoea bahari watashinda wakitapika.

Upepo huo si kama kusi letu linalovuma miezi mfululizo, usiku na mchana. Asubuhi bahari ni shwari, upepo unaamka kwenye saa 5 au 6 mchana, unakaza hadi saa 10 alasiri, kisha unakufa jua likizama. Jengeni ratiba yote juu ya hilo. Pabaya kuliko pote ni Yedi Burunlar, yaani Rasi Saba, ukishapita Ölüdeniz. Milima inaingia baharini wima, hakuna ghuba ya kujificha, na mawimbi yanayopiga majabali yanarudi na kugongana na yale yanayokuja. Mbele yake ni ufukwe wa Patara, ambako bandari ya kale ilijaa mchanga zamani na haipokei chombo tena. Kwa hiyo kutoka kisiwa cha Gemiler, karibu na Ölüdeniz, hadi mji wa Kalkan hamna pa kusimama. Ng'oeni nanga saa 11 alfajiri, hata kwa injini, mfike Kalkan kabla upepo haujakomaa.

Ushauri wetu ni siku 10, au kukodi kwa njia moja kama mwenye chombo anakubali mmkabidhi Kaş, mji ulio kati ya Kalkan na Kekova. Kama ni lazima ziwe 7, wekeni sharti tangu nyumbani: jioni ya siku ya 4 ikiwakuta hamjafika Kekova, mnageuza. Anayelazimisha kwenda mbele ndiye anayejikuta Rasi Saba saa 9 alasiri siku ya mwisho, upepo usoni, huku chombo kikidaiwa kesho yake asubuhi. Na kabla ya kutweka tanga Fethiye, pandeni kwenye kaburi la Amyntas lililochongwa kwenye jabali juu ya mji katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Mtayaona makaburi ya namna hiyo njia nzima, ila machache yana nguzo nzuri kama zile.

Nimezoea kutia nanga na kukiacha chombo kizunguke na maji. Naambiwa huko wanafunga tezi gatini. Inafanywaje?
*Nahodha, Mombasa*

Kwanza tofauti ya maji, nahodha. Kwetu bamvua huinua na kushusha bahari kama mita 4. Huko tofauti ni ndogo mno. Kamba haihitaji ulegevu wa kupwa na kujaa. Ila ukipanda mwamba, hakuna maji yatakayojaa kuja kukunasua.

Tuseme chombo ni mita 12 na kina ni mita 8. Mnyororo uwe mara 4 au 5 ya kina, yaani mita 32 hadi 40. Tundika dafrao, yale maboya ya kukinga chombo kisigongwe, ubavuni na tezi, weka kamba mbili za tezi tayari, zimepita nje ya reli. Ukiwa mbali na gati urefu wa vyombo 4 hivi, elekeza tezi kwenye nafasi yako, dondosha nanga, urudi nyuma polepole. Mtu wa omo, yaani mbele ya chombo, aachie mnyororo kwa mwendo uleule wa chombo. Zikibaki mita 10 azuie kidogo ili nanga iume. Kamba ya kwanza kwenda nchi kavu ni ya upande wa joshi, unakotoka upepo, siku zote. Ukianza na ile nyingine, upepo unakulaza juu ya jirani. Zikishafungwa zote mbili, vuta mnyororo mpaka tezi ikae mita 1 kutoka gatini.

Kosa la kila siku ni kudondosha nanga karibu mno. Asubuhi chombo kinatulia, alasiri nanga inakokota na tezi inapiga zege. La pili ni kuvuka mnyororo wa jirani. Angalia minyororo yao inaelekea wapi, uiteremshe yako sambamba. Ukiinua nanga ukakuta imebeba mnyororo wa mwingine, usiivute kwa nguvu. Pitisha kamba chini ya mnyororo ule, funga ncha zote mbili omo, teremsha nanga yako nusu mita ichomoke, rudi nyuma kidogo, kisha achia ncha moja ya kamba. La tatu ni kamba kuingia kwenye rafadha, ile pangaboi ya injini: yule wa tezi asiache kamba ikielea majini wakati injini inazungusha.

Kwenye ghuba zisizo na gati tumia kamba mbili za mita 50 zinazoelea, uzifunge kwenye jiwe au kigingi. Usifunge kwenye msonobari. Kamba inayosuguana usiku kucha inachuna gamba lote, na mti hufa.

Nina viza ya Uturuki. Nikifika Kaş naweza kuvuka kwenda Meis, kile kisiwa kinachoonekana ng'ambo?
*Msomaji, Nairobi*

Kwa viza hiyo peke yake, hapana. Meis, au Kastellorizo, ni Ugiriki, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen. Angalia pia kama viza yako ya Uturuki inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ni ya mara moja, ukivuka hurudi. Ukiwa na zote mbili, panda feri ya Kaş, maana ni mwendo mfupi tu. Kuvuka na mashua ya kukodi kunahitaji chombo kigongewe mihuri kutoka na kuingia pande zote mbili, nayo ni siku nzima ya makaratasi.

Tunataka kumchukua mama yetu, ana miaka 70, kwa gulet. Maji yanatosha kuoga na kutawadha? Na kibla tutakijuaje?
*Msomaji, Muscat*

Gulet, ile meli ya mbao yenye milingoti miwili, inamfaa kuliko mashua ya tanga: sitaha ni pana, ina kivuli, na mpishi yumo. Fahamuni tu kwamba nyingi huenda kwa injini. Mkitaka tanga litwekwe, liandikwe kwenye mkataba. Ulizeni pia ngazi ya vyumbani ina mwinuko gani, kwa ajili ya magoti yake.

Maji muulizeni nahodha siku ya kwanza: tangi ni lita ngapi, na linajazwa wapi tena. Kwa lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku mnaoga vizuri mkifunga bomba wakati wa kupaka sabuni. Maji ya bahari ni tohara, yanafaa kutawadhia, na ngazi ya tezi inafika majini.

Kibla kutoka Fethiye ni kama digrii 146, kati ya kusini na mashariki. Kwenye dira ya chombo soma karibu 140. Nanga ikiwa peke yake chombo huzunguka, kwa hiyo tazameni dira kila sala. Kikifungwa tezi hakigeuki, na mswala unaweza kubaki palepale.

Nimesikia kwamba huko kuna mji uliozama na merikebu ya kale iliyokutwa na mpingo. Tunaweza kupiga mbizi tukaviona?
*Mchongaji, Lindi*

Mji uko upande wa kaskazini wa Kekova. Ngazi zilizochongwa kwenye mwamba zinashuka hadi majini na kuendelea chini, kwa sababu matetemeko yalishusha pwani ile. Kuogelea na kupiga mbizi hapo ni marufuku. Chombo hupita polepole bila kutia nanga. Piteni asubuhi, maji yakiwa hayana viwimbi. Kisha vukeni hadi Kaleköy, Simena ya kale, ambako jeneza la mawe la Kilycia limesimama ndani ya maji karibu na ufuko, na hapo mnaweza kuliona kwa karibu. Msiokote kigae hata kimoja. Sheria ya Uturuki namba 2863 ya mwaka 1983 inahesabu hilo kuwa jinai, na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege.

Merikebu ni ya Uluburun, rasi mnayoipita mkitoka Kaş kwenda Kekova. Mzamiaji wa sponji aliiona mwaka 1982, ikachimbuliwa kuanzia 1984 hadi 1994. Ilizama karne ya 14 kabla ya Kristo, ikiwa na tani 10 za shaba, tani 1 ya bati, meno ya kiboko, na magogo ya mti mweusi. Wataalamu wa mbao walipoyapima walikuta ni Dalbergia melanoxylon, mpingo huuhuu unaouchonga wewe. Haina maana kwamba ulitoka Lindi: mti huu unaota hadi Sudan na Ethiopia, na Wamisri wa kale waliuleta kutoka kusini kwao. Pale rasini hakuna cha kuona juu ya maji. Mzigo uko kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Bodrum, mbali magharibi, kwa hiyo tengeni siku yake kabla ya kupanda chombo. Magogo yenyewe ni mafupi, yamekatwa kwa shoka kupata kiini cheusi peke yake, na ule weupe wa nje umeondolewa.