MASWALI YENU: MCA wetu tumemchoka, tunaweza kumng'oa kabla ya 2027?

SWALI: Kaka mhariri salaam. Huku kwetu tuna MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, ambaye tangu tumpe kura 2022 hashiki simu, basari inaenda kwa watu wake tu, na barabara ya zahanati mvua ikinyesha hata bodaboda haipiti. Vijana wameanza kuzungusha karatasi ya sahihi wanasema lazima arudi nyumbani, lakini anayewasukuma ni yule jamaa aliyebwagwa naye kwenye kura, sasa naogopa nitie sahihi kumbe natumika. Sheria inasemaje? – Msomaji, Kilifi, Kenya

JIBU: Ndugu yangu, MCA anaondoleka, iko kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Iliyokwama ni sheria ya kuwaondoa wabunge na maseneta, maana 2017 Mahakama Kuu ilifuta vipengele kibao kwenye kesi ya shirika la Katiba Institute, wabunge wakaambiwa ni kazi yao kurekebisha na wakanyamaza, na wewe ungekuwa wao ungeharakia wapi? Mwaka 2025 IEBC, tume ya uchaguzi, wenyewe walitoa taarifa kwamba kwa MCA sheria inatosha, kwa wabunge bado.

Muda ndio wa kuangalia sana. Ombi haliletwi kabla ya miezi 24 kupita tangu uchaguzi, wala ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mwingine. Tulipiga kura 9 Agosti 2022 na tunarudi debeni 10 Agosti 2027, kwa hivyo dirisha ni Agosti 2024 mpaka Agosti 2026, mkilipita hilo mngojee tu kura.

Hiyo karatasi ya vijana inanipa wasiwasi. Ombi linaandikwa na mpiga kura wa wadi hiyo hiyo, linapelekwa IEBC likisema kosa ni lipi, na lazima liungwe mkono na asilimia 30 ya waliosajiliwa kupiga kura hapo. Tuseme wadi ina wapiga kura 15,000, hapo mnatafuta watu 4,500, na kila mmoja ajulikane kwa jina, namba ya kitambulisho na sahihi, halafu tume inakaa chini kukagua. Binamu yako anayepigia kura Mombasa hahesabiki hata akiwa na hasira kuliko nyote. Na wakipatikana wote bado mheshimiwa hajatoka, inaitishwa kura wadi nzima muulizwe aondoke au abaki.

Sasa kosa. Sheria inataka mambo mazito, kama kuvunja katiba au sheria vibaya, kutoiweza kazi, utovu mkubwa wa nidhamu, au kuhukumiwa kwa kosa la kifungo cha miezi sita na zaidi. Kutoshika simu hakumo, ingawa kunaudhi. Barabara nayo si yeye anayeijenga, ni serikali ya gavana, kazi ya MCA ni kutunga sheria, kuwakilisha na kuibana hiyo serikali, na gavana nyinyi hamna njia ya kumwondoa kwa sahihi, anang'olewa na bunge la kaunti na Seneti kama Sonko wa Nairobi 2020 au Mwangaza wa Meru 2024. Basari ndiyo yenye nyama, tafuteni orodha ya waliopewa, mna haki ya kuiomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016.

Huyo jamaa aliyebwagwa, zamani sheria ilimzuia kabisa kuleta ombi, lakini hicho kipengele ni kati ya vile mahakama ilivitupa 2017. Kwa hivyo anaruhusiwa. Mimi ningemwambia akae pembeni, mama wa sokoni au mwalimu mstaafu abebe hilo ombi, maana mheshimiwa akishasema hii ni siasa ya aliyeshindwa nusu ya watu wanarudisha kalamu mfukoni.

Na kabla hamjazunguka na karatasi, ombeni rekodi za bunge la kaunti muone mahudhurio yake. Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema MCA akikosa vikao vinane bila ruhusa ya spika kwa maandishi, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti kinakuwa wazi, hapo hamhitaji sahihi 4,500.