Re: Rimu za inchi 19 kwenye Altezza, zitafaa?

Mkuu, umeuliza kama gari lako Toyota Altezza RS200, lililotoka na tairi za 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17), inaweza kuvaa inchi 19 hapa Dodoma. Kuvaa litavaa, ila nakushauri uishie 18.

Piga hesabu. Tairi lako la sasa lina kimo cha milimita 625 hivi na ubavu, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara, wa karibu 97. Ukifunga 215/40R18 kimo kinakuwa 629, spidomita haisumbuki, ubavu unabaki 86. Ukienda 215/35R19 ubavu unashuka hadi 75, na hapo ndipo penye kesi. Njia ya Morogoro ina matuta, na ukiacha lami kuingia mitaani unakutana na mawe na makorongo. Shimo moja usiku linapinda rimu na kupasua tairi kwa pamoja.

Nati ni 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, hiyo haina mjadala. Ofseti, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na sehemu inayofungwa kwenye gari, linganisha na iliyoandikwa kwenye rimu zako. Ikiwa ndogo sana, gurudumu linatoka nje na kusaga fenda.

Na tafadhali, soma tarehe ubavuni kabla hujalipa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua hili na mwendo wa kwenda Singida, tairi kuukuu la mtumba usilifunge hata ukipewa bure.